Mwewe wa Nukta Katika Duka la Miwani

Wadogo zangu, wengi wenu siku hizi mnapanda ndege, mnalala, na mkiamka mko Doha. Mimi nilifika kwa kuzunguka. Nilimaliza kidato cha nne Mumias, nikavuka mpaka wa Malaba na begi moja na hamu ya kuona kilichoko ng'ambo. Kampala ilinishika kwa muda, halafu Juba, halafu Khartoum, na kila mji nilianza kuukumbuka kwa huzuni nikiwa bado kwenye basi la kuuacha. Ndivyo nilivyo. Nikiwa mahali nataka kuondoka, nikiondoka natamani kurudi. Kutoka Khartoum wakala alinipitisha Sharjah, nikalala kwenye viti vya uwanja wa ndege nimekumbatia viatu vyangu, kisha nikaletwa Doha. Nilipotoka mlangoni mwa ndege nilidhani nimesimama nyuma ya injini. Nikasogea mbele, nikasogea tena, na lile joto likasogea nami hadi kwenye basi.

Nilichokuwa nacho mkononi ni ufundi wa miwani. Niliupata Kampala kwa mzee tuliyemwita Ssalongo, jina la heshima la baba wa mapacha. Alikuwa na meza kando ya duka la dawa, bisibisi nyembamba, na bakuli la mchanga wa moto wa kulainishia fremu za plastiki. Siku ya kwanza alinikuta nimeweka miwani ya mteja juu ya meza, nimefumba jicho moja kama seremala, naitazama kama imenyooka.

"Meza ina masikio?" akaniuliza.

"Hapana, Ssalongo."

"Basi mbona unaipimia mezani? Mwite mwenyewe."

Binadamu, vijana, ana sikio moja juu na lingine chini, na pua iliyopinda kidogo. Miwani iliyonyooka mezani hukaa upande usoni. Hilo peke yake limenilisha miaka mingi.

Duka lililonichukua lilikuwa mtaa wa Al Sadd, kati ya mkahawa wa Walebanoni na fundi wa simu. Mwenye duka alikuwa Mkatari tuliyemwita Abu Khalid, mtu mrefu, mcheshi, mwenye mapenzi makubwa kwa mwewe wake wa kuwindia. Aliyeongoza kazi ni Madam Leela, mpimaji macho kutoka Kerala, mwanamke mfupi aliyesikika kabla hajaonekana. Yeye alipima nguvu ya macho chumbani. Mimi nilikuwa mbele: kurekebisha fremu, kukata lenzi, na kuwatanguliza watu kwenye kitabu cha nukta.

Kitabu hicho mtakikuta popote mtakapotafuta leseni ya udereva. Kila ukurasa una duara lililojaa nukta za rangi, kubwa na ndogo, na katikati ya nukta hizo kuna tarakimu. Mwenye macho ya kawaida huisoma bila kufikiri. Asiyetofautisha nyekundu na kijani huona nukta tu, au huona tarakimu nyingine kabisa.

Kazi inaonekana rahisi hadi uifanye. Ukiweka kitabu dirishani, jua la Doha linakula rangi, na madereva wazima wanaanza kushindwa mmoja baada ya mwingine. Ndivyo nilivyokikuta cha kwanza. Madam Leela alikichungulia, akakitupa kwenye pipa. Ukikisomea chini ya taa ya njano, kinadanganya. Mteja asiguse ukurasa kwa kidole, maana jasho na mafuta hubaki pale. Kwa asiyejua tarakimu kuna kurasa zenye njia ya kupinda, unampa brashi kavu aifuate kutoka mwanzo hadi mwisho. Na usimpe muda wa kufikiri. Anayeona anaona mara moja. Anayekodoa na kusogeza kichwa kama kuku tayari amekujibu.

Halafu kuna wanaokariri. Vyumba vya wafanyakazi wageni mtaani Al Mansoura vilikuwa na walimu wa kitabu kile. Mtu mmoja akishapita, jioni wenzake wanamzunguka, anawatajia tarakimu kwa mpangilio, ukurasa kwa ukurasa, nao wanaimba kama watoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo mimi sikuwahi kuanzia mwanzo.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Kazungu. Aliingia na sare yake ya ulinzi, mtu mwembamba wa Kilifi, mwenye kucha zenye mabaki ya rangi ambayo hayakutoka hata baada ya miaka ya kukaa getini. Alipojua mimi ni Mkenya alifurahi mno, akaketi, akasafisha koo. Nikafungua kitabu katikati. Akataja tarakimu ya ukurasa wa kwanza. Nikarudi nyuma kurasa mbili. Akataja ya ukurasa wa pili. Nikageuza kitabu kichwa chini. Akataja ya tatu, kwa sauti ya ushindi.

"Kaka," nikamwambia, "kitabu kiko kichwa chini."

Kisha akainama karibu. "We Mluhya, si tuelewane? Nitakuletea kuku, si ndiye mnayempenda?"

"Hata ukileta banda zima. Unaona nini hapa?"

"Naona nukta."

"Na hapa?"

"Nukta. Lakini kaka, hii ni kazi ya fundi. Nani alichora?"

Katika miaka yote ile, watu walipofeli kitabu kile walilia, walinitukana, au waliomba warudi kesho. Kazungu peke yake ndiye aliyeuliza nani alikichora. Nyumbani alikuwa fundi wa mabango. Aliandika majina ya maduka, akachora soda, vinyozi na samaki kwenye kuta za mikahawa. Hakuwahi kujua kwamba haoni rangi kama wengine, kwa sababu alisoma jina la rangi kwenye kopo. Siku kopo lilipokosa karatasi, alichora minazi ya kahawia kwenye ukuta wa hoteli moja, na wageni wakamuuliza mwenye hoteli kwa nini amechora ukame.

"Nikadhani wananionea wivu," alisema.

Lakini alikuwa na hofu ya kweli. Kampuni yake ilikuwa inapunguza walinzi wa getini, na wangebaki wale tu wenye leseni ya kuendesha gari la doria. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Akikosa leseni angepandishwa ndege, na nyumbani mabango ya plastiki ya kuchapishwa yalikuwa yameshaua kazi yake yote. "Nikirudi," aliniambia, "nitarudi kufanya nini? Nitaandika kwenye maji?"

Nilimpeleka kwa Madam Leela akidhani ataonewa huruma. Madam alimpima tena, akathibitisha, akamwambia ukweli bila kuupaka sukari. Kisha, kwa kuwa Kazungu alirudia swali lake la nani alichora, akavuta kiti.

Alitusimulia habari za daktari wa macho, Mjapani, aliyeagizwa na jeshi atafute njia ya kuwatambua askari wasioona rangi sawasawa. Daktari huyo hakuwa na mashine. Alikaa na rangi za maji akachora kurasa zile kwa mkono wake, nukta baada ya nukta. Alikuwa na msaidizi, naye daktari, ambaye macho yake hayakutofautisha rangi. Daktari anachora, anamwonyesha, na kama msaidizi anaona alichofichwa, daktari anaanza upya. Kurasa za mwanzo zilikuwa na herufi za Kijapani. Tarakimu zilikuja baadaye ili dunia nzima isome.

"Kwa hiyo," Kazungu akasema polepole, "bila yule asiyeona, kitabu kisingekuwepo."

"Kisingekuwa kizuri hivi," Madam Leela akamjibu. Akamfungulia ukurasa fulani. "Wekesa, unaona nini?"

"Nukta," nikasema.

"Kazungu?"

Akataja tarakimu bila kusita. Mimi nilikuwa nikiruka ukurasa ule, nikiudhani ni wa kupamba. Ni ukurasa ambao baadhi ya watu kama yeye huusoma, na sisi wengine tunakodoa bure. Kazungu alinitazama kwa kiburi ambacho sijakisahau. "Sogeza kichwa kidogo, kaka," akaniambia. "Kama kuku."

Tangu siku hiyo alipagawa na nukta. Nilipomtembelea chumbani kwao Al Mansoura, nilikuta amechora kwenye maboksi ya ndizi, kwenye vifuniko vya ndoo, nyuma ya kalenda. Wenzake walilalamika kwamba hata sahani zitafuatia.

Wakati huo Abu Khalid alikuwa anafungua tawi jipya Al Thumama. Alitaka ukuta mkubwa wa mbele uwe na picha, na hakutaka karatasi ya kuchapisha iliyo kwenye kila duka. Nikamwambia ninaye fundi. Nikampelekea kifuniko kimoja cha ndoo, kilichochorwa kwa nyeusi na nyeupe, birika la kahawa lililojengwa kwa nukta. Abu Khalid akakigeuza huku na huku.

"Huyu ni mlinzi?"

"Ni mchoraji anayelinda, Abu Khalid."

Akacheka. Akasema anataka mwewe wake, mkubwa, wa nukta kama za kitabu, na wa rangi. Akatamka na sharti lake mbele ya Kazungu, nami nikitafsiri: ukuta ukimpendeza, atamhamisha kutoka kampuni ya ulinzi, ampe mkataba wake mwenyewe awe fundi wa maduka yake yote. Usipompendeza, basi, khalas, kila mtu na njia yake.

Hapo ndipo ningepaswa kusema neno kuhusu zile rangi. Sikufikiria, na Kazungu hakufikiria, maana sote tulikuwa tunacheza kwa furaha. Alichukua likizo yake iliyobaki, akafunga turubai mbele ya ukuta ili asisumbuliwe, akaomba makopo ya rangi yaliyobaki kutoka kwa mafundi waliokuwa wakipaka majengo ya jirani. Mengi hayakuwa na karatasi. Akachanganya kwa macho yake.

Siku moja kabla ya ufunguzi nilikwenda na Madam Leela kupanga fremu kwenye rafu. Kazungu akashusha turubai. Vijana, ulikuwa ukuta mzuri kupita kiasi. Nukta za kijani, za machungwa, za waridi, za kijivu, za kahawia, zimemwagika kutoka darini hadi sakafuni kama soko la vitambaa.

"Sehemu ya nyuma imetoka vizuri," nikamwambia. "Sasa mwewe utamchora saa ngapi?"

Akashuka ngazi. "Mwewe gani mwingine?"

"Wa Abu Khalid."

"Wekesa, usinitanie, mgongo unaniuma. Si huyo hapo anakutazama?"

Nikasogea. Nikarudi nyuma. Nikavua miwani, nikavaa. Madam Leela naye akafanya hivyo hivyo. Kisha akamwambia Kazungu, "Nionyeshe." Kazungu akachukua ufagio, akafuata kwa mpini wake: mdomo huu hapa, jicho, bawa la kushoto limetanuka, mkia, kucha. Tuliona mpini ukitembea juu ya nukta. Hatukuona kingine.

Nadhani mmeshaelewa. Nyuma ya ndege aliweka kijani, machungwa na kahawia kwa kuamini ni rangi moja. Kwenye ndege aliweka waridi, kijivu na kijani iliyokaribia buluu kwa kuamini nayo ni rangi moja. Kwake mwewe alikuwa wazi kama mchana. Kwetu ilikuwa vurugu tupu.

Madam Leela alianza kucheka hadi akaketi juu ya boksi la fremu. Mimi sikucheka. Nilimwona Kazungu anaukodolea ukuta.

"Nipe nyeusi," nikasema. "Tumzungushie mstari. Ataonekana."

"Zungusha mstari kwenye kazi yako," akanijibu.

"Usimguse!" Madam Leela akapaza sauti. "Yule daktari alitoa jasho na msaidizi wake kupata ukurasa mmoja wa namna hii. Huyu ametengeneza ukuta mzima! Nitamweleza Abu Khalid."

"Madam," Kazungu akasema, "mtu ametaka ndege, sisi tumpe maelezo?"

Asubuhi ya ufunguzi nilimkuta Kazungu juu ya ngazi, kopo la nyeusi liko wazi mkononi, brashi imelowa. Alikuwa ameamua kutii shauri langu la mstari. Alisimama pale, mkono umeinuka mbele ya mdomo wa mwewe wake, na mkono haukwenda.

Kabla haujakwenda, mlango ukafunguliwa. Abu Khalid aliingia mapema na ndugu zake watatu na wageni wao, wote kanzu nyeupe, harufu ya udi imetangulia. Akasimama katikati ya duka. Akautazama ukuta. Nikaanza kutafuta maneno ya Kiarabu ya kuomba radhi.

"Mashallah," akasema. "Bawa la kushoto ni lake kabisa. Lakini kucha umezifanya fupi."

Nikamtazama Madam Leela. Madam Leela akanitazama.

"Kucha za nani?" ndugu yake mkubwa akauliza.

"Za mwewe."

"Mwewe yuko wapi?"

"Yuko wapi? Anakaribia kukudonoa! Uko kwenye duka la miwani, vaa miwani!"

Ndugu wakaanza kubishana, mmoja akisema ni maua, mwingine zulia, wa tatu akisogea hadi pua ikagusa rangi. Abu Khalid akawashika mabega mmoja mmoja, akiwaonyesha jicho, mdomo, mkia, akizidi kukasirika. Juu ya ngazi Kazungu, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha getini tu, akaninong'oneza, "Anasema nini? Nipake nyeusi au nisipake?"

"Shuka na hilo kopo," nikamwambia. "Shuka taratibu."

Madam Leela akaenda kuchukua kitabu. Alikuwa amempimia Abu Khalid wafanyakazi, madereva, mashemeji na wapishi, lakini hakuna aliyewahi kumpima mwenye duka. Akamfungulia ukurasa mmoja.

"Hakuna kitu hapa," Abu Khalid akasema.

"Kuna!" ndugu wote watatu wakapiga kelele, wakataja tarakimu kwa pamoja.

Akafungua ule ukurasa mwingine, ule wangu wa kupamba. Ndugu wakakodoa. Abu Khalid akasoma tarakimu mara moja.

Mtu mzima, mwenye maduka ya macho, amegundua jambo hilo mbele ya wageni wake. Nilidhani sote tutafungasha siku ile. Yeye akakitazama kitabu, akautazama ukuta, akaitazama kanzu yake.

"Miaka yote hii," akasema, "imenisaidia kwamba sote tunavaa nyeupe."

Ndugu yake mkubwa alicheka hadi kilemba kikamwanguka. Wageni wakafuata. Abu Khalid mwenyewe akacheka, akifuta machozi, na akamwita Kazungu kwa mkono. Kazungu akasogea na kopo lake la nyeusi, kama mtu anayepelekwa kwa mkuu wa shule.

"Mwambie," Abu Khalid akaniambia, "hawa wana macho mazuri na hawakuona kitu. Huu ni ukuta wangu. Fundi huyu haendi popote. Lakini kucha azirefushe."

Nikamtafsiria. Kazungu aliweka kopo chini, akakaa sakafuni papo hapo kwenye turubai, akafunika uso kwa mikono yenye rangi. Alipouondoa uso wake mikononi, alikuwa na nukta zake mwenyewe kwenye mashavu.

Ukuta ule ulileta watu kuliko tangazo lolote. Familia ziliingia kumtafuta mwewe. Baba anaona, mama haoni, mtoto mmoja wa kiume anaona, wanaanza kelele, na Madam Leela anawakaribisha chumbani kwa upole. Wanafunzi wa sanaa walikuja na kamera. Mshonaji wa abaya aliomba kunakili nukta kwenye pindo. Mkahawa mmoja wa Al Sadd ukataka ukuta wenye picha ya kuonekana na kila mtu, na hapo mimi nikapata kazi ya pili: kukaa chini ya ngazi nikitaja rangi kwenye makopo. Yule daktari alikuwa na msaidizi asiyetofautisha rangi. Kazungu alikuwa na msaidizi anayezitofautisha, na alinifokea kama mke.

"Hii?"

"Kijani."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Mbona umesita? Anayeona anaona mara moja!"

Mnaoingia kazini leo mtapewa mashine. Kuna kompyuta zinazotoa nukta, hazifubazwi na jua, hazikaririki. Zitumieni. Lakini mtu akikaa mbele yenu akashindwa, msifunge ukurasa kwa haraka. Mwacheni aseme anachokiona.

Mimi miguu ilianza kuniwasha tena. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa na chumba kizuri, jina dukani, na Madam Leela aliyenigombeza kama ndugu. Abu Khalid aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia sijui bado, akatikisa kichwa. Siku ya kuondoka, Kazungu alisimamisha kazi yake, akavaa shati jeupe, akanisindikiza hadi uwanja mpya wa ndege akiburuta sanduku langu na kunisimanga njia nzima kwamba nitajuta. Alisema kweli, nilianza kujuta kwenye foleni.

Tulipofika mezani, dada wa shirika la ndege alitutazama wote wawili, akanyoosha mkono.

"Pasipoti zenu, tafadhali. Mnasafiri wote?"

Kazungu akajinyoosha, akasema kwa sauti iliyofanya foleni nzima igeuke:

"Mimi? Mimi siendi popote! Ni huyu."